Kabla Hujaandika kwamba Mama Huyu ni Mkali

Mwaka wangu wa kwanza wa kusaidia utafiti wa ustawi wa jamii hapa Chicago nilizunguka na dodoso la malezi katika mtaa wa Little Village, ambao wakazi wake wengi wana asili ya Mexico. Swali moja lilimtaka mzazi aeleze "educación" ya mtoto wake inaendeleaje. Mama mmoja, huku akifuta mikono kwenye aproni, alinijibu kwamba binti yake huwaamkia wakubwa na hadakii maneno yao. Nami, niliyekuwa nikisubiri kusikia habari za hesabu na kusoma, nikaandika kwamba swali halikujibiwa. Lilijibiwa vizuri sana. Kwa Kihispania, mtoto "bien educado" ni aliyefunzwa adabu, hata kama darasani hushika mkia, na mimi niliyekulia katika lugha inayotofautisha kusoma na kulelewa sikuwa na udhuru wa kulikosa hilo.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Binti huyo alikatazwa kwenda kulala kwa rafiki yake, akaitikia macho yakiwa chini, nami nikamweka mama katika fungu la wazazi wa kimabavu, kwa mgawanyo wa mitindo ya malezi uliotokana na kazi ya mwanasaikolojia Diana Baumrind ya miaka ya 1960. Baadaye ndipo niliposoma utafiti wa mwanasaikolojia Melanie Domenech Rodríguez na wenzake, wa mwaka 2009, waliotazama familia za Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wa kizazi cha kwanza nchini Marekani na kukuta kwamba nyingi haziingii katika mafungu hayo: wazazi wana upendo mwingi, wanadai mengi, lakini uhuru wanautoa kwa kipimo. Waliyaita malezi ya ulinzi.

Kwa hiyo, ukiingia katika kazi hii, uliza kwanza kila katazo linamkinga mtoto na nini, ndipo uliwekee alama. Uliza pia nani mwingine analea, kwa sababu bibi, "padrino" (baba wa ubatizo) na "comadre" (mama wa ubatizo wa mtoto, aliye kama ndugu kwa mama mzazi) huenda wana sauti kuliko baba aliyetia saini fomu. Usimfanye mtoto mkalimani hata kama Kiingereza chake kinateleza: utamsikilizisha mambo ya wakubwa, na utamvunjia mama "respeto", yaani heshima, mbele ya mwanawe. (Wala usijifiche nyuma ya utamaduni unapoona alama za kipigo, kipigo ni kipigo.)

Nilirudi kwa yule mama wiki mbili baadaye, safari hii nikaketi na kukubali kahawa kabla ya kufungua mkoba, nikamuuliza kuhusu lile katazo. Akasema mumewe hufanya kazi zamu ya usiku na ndiye peke yake anayeendesha gari. Mtoto akipatwa na jambo saa nane za usiku, nani atakwenda kumchukua?