Mchawi mwema? Maswali ya wasomaji wa riwaya za maajabu

SWALI: Mhariri, salaam. Tuko 14 kwenye kundi la WhatsApp. Tunasoma riwaya za maajabu na kuandika uchambuzi mtandaoni. Mwenzetu mmoja, mlokole, amejitoa baada ya mimi kuandika kwamba shujaa wa kitabu cha mwezi huu ni "mchawi mwema". Anasema hataki uchawi nyumbani kwake. Waislamu wawili nao wamenyamaza tangu niliposifu "viumbe wa kufikirika kama majini". Tubadilishe aina ya vitabu?
Msomaji, Tabata

JIBU: Vitabu viacheni vilivyo. Kilichowagombanisha ni maneno yako. Kwa Kiswahili mchawi ni mtu anayewanga usiku na kuroga jirani. "Mchawi mwema" ni sawa na kusema mwizi mwaminifu. Anayetibu ni mganga. Anayetoa njiwa kwenye kofia anacheza mazingaombwe. Anayekufanya uone kisichokuwapo amekufanyia kiinimacho. Nguvu ikitoka kwa Mungu ni muujiza, au karama. Riwaya za Kiingereza huyabeba karibu yote hayo kwa neno moja, magic, nawe ukayamwaga yote kwenye kapu la uchawi.

Mchukue Gandalf, mzee mwenye nguvu za ajabu katika The Lord of the Rings, riwaya ya Mwingereza Tolkien. Anaitwa wizard, na kamusi itakupa "mchawi". Lakini Tolkien, Mkatoliki wa dhati, aliandika katika barua ya 1954 kwamba Gandalf ni kama malaika aliyevaa mwili wa binadamu. Mwambie hivyo mlokole wako; atakuwa na maswali, ila si yale ya kumfanya afunge mlango.

Jini ni habari nyingine. Joka linalotema moto, kwa msomaji wa Dar, ni la kubuni na yameisha. Jini kwa Mwislamu si la kubuni: Kurani ina sura nzima yenye jina hilo, ya 72. Sema "jini wa kisa hiki". Shaaban Robert, Mwislamu, alimweka jini Huria katika Adili na Nduguze (1952), ambaye anawageuza ndugu wawili wenye husuda kuwa manyani. Kisa kimejaa maajabu, lakini msomaji hafundishwi namna ya kumwita jini. Hapo ndipo pa kupima kitabu.

Kwa hiyo, juu kabisa ya uchambuzi, kabla hujasifia chochote, weka maneno kama 40 hivi: nguvu inatoka wapi (kuzaliwa nayo, kifaa, pepo, Mungu); anayeitumia inamgharimu nini; na kama kuna tambiko linaloelezwa hatua kwa hatua, liko ukurasa gani. Namba ya ukurasa wengi huisahau, na ndiyo yenye faida: mtu ataruka 212 hadi 215 aendelee na kisa. Mwisho usiutoboe. Ukiandika "usiogope, anakuja kutubu", umemtuliza mwenzako lakini umemwibia kitabu.

Radhi muombe kwa simu. Kundini kila mtu atatia neno lake. Sema "nilitumia neno baya", usiseme "hukunielewa". Usimwingize tena kwa nguvu. Mtumie kiungo, aingie akitaka. Na akirudi bado hakipendi kitabu, sawa. Tolkien alikuwa mmoja wa waliomvuta rafiki yake, mwandishi C. S. Lewis, kwenye Ukristo mwaka 1931, na Narnia, hadithi za maajabu za Lewis, hakuzipenda hata kidogo.

SWALI: Tunatumiana PDF za riwaya mpya kundini. Dada mmoja anasema ni wizi, na kwamba hatuwezi kubishania dini huku tunaiba. Kweli?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Dada yuko sahihi. Kazi ya mwandishi inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kuisambaza bila ruhusa yake ni kosa hata kama hamuuzi. Changeni mnunue nakala mbili. Kitabu cha kurasa 280, kwa kurasa 40 kwa siku, kinaisha ndani ya wiki. Watu sita wanamaliza kwa wiki tatu. Andikeni zamu na tarehe kwa penseli ndani ya jalada. Anayechelewesha anarudi mwisho wa foleni kitabu kinachofuata.