Barua kwa mwanangu: umeuliza nyumba itazame wapi

Mwangaluka mwanangu,

Voisi yako nimeisikia, na ile ramani dada yako kanifungulia kwenye simu yake maana yangu kioo kidogo sioni kitu. Umeuliza jambo moja, sebule ya nyumba mnayojenga Luchelele, hapa Mwanza, itazame ziwa au itazame barabara, fundi anataka kupiga kamba za msingi Jumatatu, na wewe unataka mama achague moja uendelee na mambo mengine. Nitakujibu. Ila na mimi nina swali, jikoni mtakuwa mnatazama nini? Nimeikuza hiyo ramani kwa vidole mpaka dada yako ananisihi nimrudishie simu, nimeona masta, chumba chenu cha kulala, ina madirisha mawili makubwa, sebule ina kioo ukuta mzima, hata stoo imewekewa kidirisha, halafu jiko limebanwa kati ya korido na choo cha wageni na dirisha lake linatazama fensi. Fensi! Ziwa lote lile liko pale nje na anayepika anatazama tofali. Mke wako ameiona hii ramani kweli au kaonyeshwa rangi za bati tu?

Mi nasema siku zote, nyumba inaanzia jikoni. Mgeni anakaa sebuleni saa moja anaaga, mwenye nyumba anaamkia jikoni kuchemsha chai na usiku anamalizia jikoni kuosha vyombo, sasa kwa nini mahali panapokaliwa kuliko pote ndo pachorwe mwisho kabisa, kona iliyobaki ndo inaitwa jiko? Sijapata mtu wa kunijibu hilo mpaka leo.

Dirisha la jikoni la hapa kwetu Bwiru wewe unalijua kama dirisha tu, ulikuwa unapanda pale kuchungulia mvua. Lilivyopatikana hujui, au unajua kwa jinsi baba yako mdogo anavyosimuliaga sikukuu, na yeye anasimulia upande wake.

Ilikuwa 1993. Baba yako anafundisha Sengerema, na enzi hizo hakuna hili daraja la Busisi mnalopita na gari bila kusimama, ilikuwa ni kusubiri pantoni, kwa hiyo anakuja wikiendi akipata nafasi, na saiti akamwachia mdogo wake asimamie. Kiwanja kile kilikuwa mawe matupu. Lile jiwe la nyuma ya choo unalikumbuka, basi yalikuwepo makubwa kuliko hilo, vibarua wanakoka moto juu yake usiku kucha, asubuhi wanalipiga nyundo linapasuka, na vipande vyake ndo msingi unaouona pale. Msingi ule sina neno nao, hauna ufa hata mmoja.

Ramani aliichora baba yako mwenyewe kwenye karatasi ya daftari la shule, na jikoni alichora dirisha futi 5 kwa 4 linatazama ziwani, kwa sababu nilimwomba. Nilimwomba tukiwa bado kwenye kile chumba cha kupanga Mabatini, wapangaji wote tunapikia koridoni, moshi wa huyu unaingia kwa yule, na mtu ukiinama kugeuza ugali mwenzio anakupita mgongoni na ndoo. Nikamwambia siku nikiwa na jiko langu nataka nikiosha vyombo nione maji. Akachora. Baba yako maneno hana, lakini alichora.

Sasa siku moja natoka mwaloni Kirumba kwenye soko la dagaa, nimepitia saiti na ndoo ya uji wa mafundi kichwani. Naingia pale jikoni nakuta ukuta umepanda moja kwa moja, pa dirisha pamezibwa kozi kwa kozi, mstari wa tofali juu ya mstari, juu kabisa karibu na usawa wa lenta, ile zege inayopita juu ya madirisha, wameacha kadirisha futi 2 kwa 2, yale ya chooni. Nikamuuliza fundi vipi tena. Wala hakunitazama, anaendelea kupaka udongo kwenye tofali, mwiko unakwaruza, akasema, "Mama, mi namsikiliza mwenye pesa."

Mwenye pesa, mwanangu! Mshahara wa mwalimu ulikuwa unaishia kwenye unga na nauli ya pantoni. Zile tofali za kuchoma, mchanga, maji ya kuchotesha, hata huo uji wenyewe, vyote vilitoka kwenye dagaa, dagaa niliyoianika mimi juu ya mawe, nikaigeuza, nikaikimbiza mvua ikija, nikafunga magunia nikauza. Halafu nimesimama ndani ya nyumba yangu na ndoo kichwani naambiwa yupo mwenye pesa na sio mimi. Mpaka leo neno hilo likinijia usiku, usingizi unakata.

Baba yako mdogo akaitwa. Akaja, akaniambia shemeji, jikoni hapakai mgeni, dirisha kubwa la nini, watu wakipita huko nyuma watakuona unasonga ugali, na grili yake itakula nondo bure, bora hizo nondo zihamie sebuleni. Baadaye ndo akaongeza, halafu jua la jioni litakuchoma shemeji. Hilo la jua nitalirudia maana lina ukweli, sitamnyima haki yake. Ila halikuwa neno lake la kwanza, alilitafuta alipoona sinyamazi.

Sikupiga kelele. Niliweka ndoo chini nikakaa juu ya rundo la tofali nikasema uji hautoki mpaka hapa patobolewe. Mafundi wamesimama, jua la saa sita, hakuna anayesema kitu. Na hapo ndo bibi yako akaingia. Si unamjua bibi yako, miaka ile mimi na yeye ilikuwa salamu tu basi, kwake nilikuwa mwanamke wa sokoni. Akaingia kwenye mlango ambao hata fremu haujawekewa, akaenda mpaka kwenye ule ukuta, akaweka kiganja juu ya tofali ambazo udongo wake bado mbichi, akamuuliza mwanawe, huku nyuma kuna nini? Akajibiwa ziwa. Akasema, "Na mimi nikija kukaa na wajukuu zangu nitakaa wapi kama sio jikoni? Toa." Basi, toa. Fundi akaanza kutoa kozi ya juu, udongo unamdondokea miguuni, na mimi nikaanza kugawa uji, kikombe cha kwanza nikampa bibi yako na nikakijaza mpaka mdomoni. Kuanzia pale mpaka anafariki hatukuwekeana kinyongo tena, na hapa ninapoandika nacheka peke yangu, dada yako ananishangaa.

Na lile dirisha limefanya kazi. Mvua ikitokea ziwani naiona maji ya mbali yameshakuwa meusi, nawapigia kelele mwanue dagaa na nguo. Usiku wa giza, mwezi haupo, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga huko mbali, enzi zenu karabai, siku hizi za sola, na wewe ulikuwa unagoma kula mpaka uzihesabu zote. Utasema hukumbuki. Muulize dada yako.

Haya, jua. Ziwa lenu Luchelele liko magharibi kama letu, na huyo aliyekuchorea kioo cha ukuta mzima kitazame magharibi hajawahi kukaa pale saa kumi jioni. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, mwezi wa 6 linaegemea kaskazini, mwezi wa 12 linaegemea kusini, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini ukizitolea bati futi 3 umemaliza, madirisha yanakaa kivulini. Jua la magharibi haliko hivyo. Linakuja limelala, linapita chini ya bati hata uitoe vipi, linaingia mpaka kwenye kochi, na joto likishapita kwenye kioo linabaki ndani, watu mnakula chakula cha usiku sebule bado inafuka. Mwisho wake mtanunua mapazia mazito. Yaani unalipia kioo ukuta mzima uone ziwa halafu kuanzia saa tisa unalifunika.

Kwa hiyo ungeweza kusema, basi mama anasema tulipe ziwa mgongo. Hapana, subiri. Upepo wa mchana nao unatoka huko huko ziwani, nchi kavu ikishapata moto hewa ya majini ndo inapanda kuja huku, usiku unageuka unashuka kwenda majini. Ukiziba upande wa ziwa umeziba upepo, mtabaki na feni na bili ya umeme. Jua na upepo vinapita mlango mmoja, ukimfungulia huyu na yule anaingia, na hapo mi mwenyewe huwa nabishana na mimi, asubuhi nasema ziwani, jioni nikiwa jikoni natokwa jasho nasema baba yako mdogo alikuwa na hoja.

Ila hoja yake dawa ilikuwepo. Unakumbuka tulivyotoa bati kule nyuma karibu mita mbili na nusu, nguzo zikapandishwa mpesheni? Watu walidhani napenda juisi. Yale majani ndo yanakamata jua la jioni kabla halijafika dirishani, upepo unapita katikati. Na mlango wa mbele ukiwa wazi unatazamana na lile dirisha, ndo maana jikoni kwangu moshi haukai. Upepo hauingii kama hauna pa kutokea, hilo mwambie fundi wako kabla hajapiga kamba, maana kwenye ramani yenu ukuta wa korido umekatiza katikati ya nyumba, hata mfungue vioo vyote hewa itagonga pale isimame.

Mengine nayasema haraka. Paa la kuficha, lile linalozungushiwa ukuta bati lisionekane, silipendi, gata likiziba na majani wakati wa masika maji yanarudi ndani kwenye gypsum, lakini hiyo ni pesa yenu. Madirisha ya upande wa ziwa yawe na wavu, na taa kali za nje zisikae upande huo, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani wakiona kioo kina mwanga usiku, asubuhi mnafagia kwa beleshi. Jiko la wazi kwenye sebule ni mke wako aseme mwenyewe, mi nasema tu kwamba dagaa ikikaangwa kochi linanuka, kwa hiyo hata mkifanya la wazi mjenge na jiko la nje la mkaa. Na kipimo cha kutoka majini mpaka kwenye nyumba kipime wewe, usimwachie aliyekuuzia kiwanja. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60, na hata isingesema, mwaka 2020 ziwa lilivyopanda tuliona wenyewe maji yanawafuata watu vyumbani, watu waliojenga wakidhani ufukwe unakaa pale pale.

Sasa swali lako, ziwa au barabara. Baba yako yuko hapa pembeni ananiambia mama fulani usiwaamulie, nyumba ni yao. Ni yenu, sikatai. Kwa hiyo sisemi. Ningekuwa nasema, ningesema hiyo masta inalala upande wa ziwa kufanya nini wakati mnaoingia humo mmeshachoka na mnazima taa, na jiko likichukua nafasi yake mtu atakosa nini? Lakini sijasema. Na barabara kwa sebule sio mbaya kama unavyofikiri, jua la asubuhi ni laini, unaona nani kaja kabla hajagonga geti, ila na vumbi nalo, na bodaboda, na wewe hujarudi Mwanza kutazama bodaboda, hilo nalielewa. Unaona? Nimeshaanza tena. Ngoja niache.

Fanya hivi. Jumamosi mpeleke mke wako kiwanjani saa kumi na moja jioni, msipeleke fundi, asimame pale ramani ilipoandika jiko, atazame, halafu ahamie palipoandikwa masta, atazame tena. Akishamaliza anipigie yeye, sio wewe. Na Jumatatu fundi akija, mwambie mbele ya mke wako kwamba hapa wenye pesa ni wawili, pesa ya duka lake imo kwenye tofali zile, asije akaambiwa nilichoambiwa mimi.

Baba yako anauliza tofali mmeamua za inchi 5 au 6, na simenti ikishafika nani analala saiti.

Mama yako