Jibu: Malengelenge ya mdomo kwa mama aliye kwenye mashine

Pole sana dada. Umeuliza imekuwaje mama, siku ya tisa kwenye mashine ya kupumulia, akaota malengelenge ya hapezi mdomoni, na huko Kisauni shangazi zako washaanza kunong'ona. Waambie hakuambukizwa juzi. Hapezi ya aina ya kwanza wengi huipata utotoni, hata kwa busu la jamaa. WHO inakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo. Virusi hujificha kwenye fundo la neva za uso, vikalala miaka. Mwili ukizidiwa na kinga ikashuka, vinaamka mdomoni na kooni, na vinaweza kuteremka mapafuni. Nimeuguza wagonjwa mahututi hapa Mombasa, nikaona: leo wekundu pembeni mwa bomba, kesho vijipele vya maji.

Dawa ipo, asaiklovia. Lakini utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2020 haukuonyesha kwamba wagonjwa kama hao walitoka mashineni mapema kwa kupewa. Daktari akisubiri, hajampuuza mama. Muulize figo zikoje, maana dawa hiyo hutoka mwilini kupitia huko. Na ukimpangusa mdomo, vaa glavu.