Unataka Seli za Moyo? Chagua Ukoo Kwanza

Mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili yakinifikia hapa Nairobi, huanza kuyasoma kwenye sehemu ya mbinu. Nikikuta "tutatumia seli shina za kiinitete cha binadamu" na nukta, narudisha. Seli hizo changa, zinazoweza kugeuka kuwa seli yoyote ya mwili, zina koo nyingi, yaani makundi yanayoendelea kukuzwa maabarani, kila moja kutoka kiinitete kimoja. Zipi hizo?

"Lakini Mwalimu, si zote ni zilezile?"

Hapana. James Thomson na wenzake wa Wisconsin, Marekani, walitangaza koo za kwanza mwaka 1998, na kila ukoo ulitokana na kiinitete chake chenye vinasaba vyake. H1 ni wa kiume, H9 wa kike. Kwenye darubini zinafanana mno. Tofauti zao utazijua pale utakapozitaka zigeuke kuwa seli za mwili. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walilinganisha koo 17: ukoo uitwao HUES 8 ukaongoza kwa seli za kongosho, HUES 3 kwa za moyo. Sasa mtu anachukua ukoo wowote aliogawiwa na rafiki, anahangaika nao mwaka mzima, kisha analaumu vitendanishi, yaani kemikali za maabara!

Kabla hujaagiza dawa za bei mbaya (na unajua mzigo unavyoweza kukaa uwanja wa ndege), fanya jaribio dogo. Acha seli ziunde vibonge vinavyoelea, bila kuzielekeza popote, kisha pima jeni za tabaka zote tatu za kiinitete, ambamo viungo vyote vya mwili hutokea. Ukoo unaokimbilia neva usiulazimishe kuwa ini ikiwa unaweza kupata mwingine.

Uliza pia umri wake maabarani. Seli zikikuzwa na kugawanywa kwa muda mrefu, baadhi hujipatia nakala ya ziada ya kipande cha kromosomu 20. Kipande hicho kina jeni ya BCL2L1 inayozuia seli kufa, kwa hiyo chache hizo huzishinda nyingine na kujaza sahani nzima ya kukuzia. Mara nyingi kipande hicho ni kidogo mno kuonekana kwenye picha ya kawaida ya kromosomu. Omba kipimo chake mahususi. Na kila mara unapogawanya, andika namba ya mgawanyo kwenye chupa, si kichwani.

Msimamizi atasema bajeti haitoshi koo mbili. Pengine ni kweli. Basi kichwa cha tasnifu kiseme "katika ukoo wa H9", kisiseme "katika binadamu".