Kiti cha pili: kabla hujapendekeza dereva mwenza wa nyota

Kama ndio kwanza unaingia kwenye kazi ya kuchambua madereva wa Formula 1, mapema tu utaulizwa nani akae kwenye gari la pili la timu, maana kila timu ina magari mawili. Usikimbilie majina. Mwenza wa nyota hachaguliwi kwa kuwa anawazidi wote walio sokoni. Anachaguliwa kwa kazi ambayo timu hiyo, kwa gari ililo nalo na wapinzani ilio nao, inahitaji ifanyike. Ukishaijua kazi, orodha ya majina hupungua yenyewe.

Kazi hiyo anza kuitafuta kwenye pointi. Mwaka 2023 Max Verstappen wa Red Bull alikusanya pointi 575 peke yake. Mercedes, walioshika nafasi ya pili, walikusanya 409 kwa magari mawili, kwa hiyo pointi za Verstappen zilitosha kuipa Red Bull ubingwa wa timu hata bila mwenza wake, Sergio Pérez. Mwaka uliofuata Verstappen alitwaa ubingwa tena kwa pointi 437, Pérez akaleta 152, na timu ikaporomoka hadi nafasi ya tatu ikiwa na 589, nyuma ya McLaren yenye 666 na Ferrari yenye 652. Madereva ni walewale. Gari ndilo lililopoteza ule ubora uliokuwa ukifunika upungufu wa kiti cha pili, na fedha za zawadi hugawanywa kwa kufuata msimamo wa timu, si wa madereva.

Igawe hesabu hiyo kwa wikiendi. Red Bull walihitaji pointi 78 zaidi ili kuipita McLaren katika msimu ule wa mbio 24, kama tatu na robo kila wikiendi. Wastani wa Pérez ulikuwa sita na kidogo, sawa na kumaliza wa saba. Zilihitajika kama tisa na nusu, yaani kati ya nafasi ya sita na ya tano. Ni makadirio, maana pointi unayoichukua wewe huenda mpinzani ndiye anayeikosa, lakini sasa una jambo la kumweleza bosi: hatutafuti mtu wa kumshinda Verstappen, tunatafuta wa kumaliza wa tano kila mara. Hao ni watu wawili tofauti, na mishahara yao haifanani.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana kwenye jedwali la pointi. Katika viwanja vingi, kuingia piti kubadili matairi hugharimu kati ya sekunde 20 na 25. Mpinzani wa nyota wako akiwa hana mtu nyuma yake ndani ya muda huo, anaingia, anavalishwa matairi mapya na kutoka akiwa kwenye nafasi ileile. Ndivyo ilivyokuwa Hungaroring, kiwanja cha Hungaria, mwaka 2019. Verstappen aliongoza, Lewis Hamilton akiwa wa pili, na Mercedes wakamwita Hamilton piti mara ya pili bila hofu yoyote kwa sababu gari lingine la Red Bull halikuwa karibu. Pierre Gasly alimaliza wa sita, akiwa amezidiwa mzunguko mzima. Hamilton, kwa matairi mapya, alimfikia Verstappen na kumpita ikiwa imebaki mizunguko michache. Barcelona mwaka 2021 yakajirudia yaleyale, safari hii Pérez ndiye aliyekuwa mbali. Kisha Abu Dhabi mwaka huohuo Pérez akaonyesha upande wa pili: akiwa na matairi yaliyochoka alimzuia Hamilton, na faida ya sekunde kadhaa aliyokuwa nayo Hamilton juu ya Verstappen ikayeyuka.

Kwa hiyo ripoti yako ijibu swali hili: mbio zikifika nusu, huyu atakuwa sekunde ngapi nyuma ya nyota? Akipoteza sehemu tatu za kumi za sekunde kila mzunguko, baada ya mizunguko 30 yuko sekunde 9 nyuma, na bado ana faida kwa timu. Akipoteza sehemu saba za kumi, yuko sekunde 21 nyuma, na mpinzani ameshamtoa kwenye mipango yake. Hapo hujaongeza muda anaoupoteza nyuma ya magari mengine kwa sababu ameanza wa tisa.

Sasa kupima kasi, na hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii huharibu. Tofauti ya mchujo (mizunguko ya kupanga nafasi za kuanzia mbio) ihesabu kwa asilimia, kwa sababu mizunguko haifanani urefu. Asilimia 0.3 kwenye mzunguko wa sekunde 65, kama pale Austria, ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwenye mzunguko wa sekunde 105, kama Spa, inazidi tatu za kumi. Linganisha sehemu ileile ya mchujo: kama mmoja alitolewa sehemu ya pili, chukua nyakati za sehemu ya pili kwa wote wawili, maana lami huongezeka kasi kadiri magari yanavyopita. Ondoa siku za mvua, mizunguko iliyozuiwa na magari mengine, na wikiendi ambazo gari moja lilifungwa bawa au sakafu mpya na lingine halikufungwa. Kisha tumia thamani ya katikati badala ya wastani, kwa kuwa Jumamosi moja mbaya inaweza kuuvuta wastani wa msimu mzima.

Kwa mwendo wa mbio, linganisha vipindi vya aina moja ya tairi na usisahau mafuta: kila kilo 10 hugharimu takriban sehemu tatu za kumi za sekunde kwa mzunguko. Anayeonekana ana kasi mwishoni huenda gari lake ni jepesi tu. Kinachofaa kutazamwa ni mteremko, yaani nyakati zake zinavyozidi kuwa mbaya kutoka mzunguko wa tano wa tairi hadi wa ishirini. Pérez aliingia Red Bull mwaka 2021 akiwa na sifa hiyo ya kutunza matairi. Miezi michache kabla alikuwa ameshinda mbio za Sakhir, Bahrain, baada ya kumaliza mzunguko wa kwanza akiwa wa mwisho.

Jihadhari na kulinganisha kwa kupitia watu: A alimshinda B, B alimshinda C, basi A ni bora kuliko C. Kila unapopita kwa mtu mwingine unaongeza kosa, na wakishafika watatu jibu lako ni kubahatisha. Nafasi ya kuwaona wawili kwenye gari lilelile ni adimu, hivyo ikitokea ichimbe hadi mwisho. Mwaka 2020 Hamilton aliugua korona, na George Russell akaitwa Mercedes kwa wikiendi moja ya Sakhir. Alikuwa mrefu mno kwa nafasi ile, akalazimika kuvaa viatu vidogo kwa namba moja ili miguu itoshe kwenye pedali. Hata hivyo kwenye mchujo Valtteri Bottas alimzidi kwa sekunde 0.026 tu, kisha Russell akaongoza sehemu kubwa ya mbio. Mwaka 2022 Russell ndiye aliyechukua kiti cha Bottas.

Suala la mtindo wa uendeshaji linaumiza wengi. Nyota akipenda gari lenye pua kali, linaloitikia usukani papo hapo huku nyuma ikicheza, maboresho ya msimu yatafuata njia hiyo, kwa sababu ndiyo inayoleta muda bora. Mwenza anajikuta kila boresho linamzidishia shida. Gasly aliondolewa Red Bull baada ya mbio 12 mwaka 2019, Liam Lawson baada ya mbio mbili mwaka 2025. Kabla hujaandika kwamba dereva hana uwezo, fungua data za usukani na breki. Kama anaachia breki mapema kuliko nyota na kurekebisha usukani mara mbili au tatu kabla ya katikati ya kona, haiamini nyuma ya gari. Kwenye simuleta (mashine inayoigiza uendeshaji wa gari) mpe mpangilio wa nyota bila ruhusa ya kubadili chochote kwa nusu siku, halafu mruhusu aguse bawa la mbele, difrensho (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma) na mgawanyo wa breki tu. Mimi namwamini zaidi anayeanza nyuma kwa sehemu sita za kumi na kufikia tatu kuliko anayeanza na nne akabaki hapohapo. Ila simuleta haina hofu wala mtikisiko wa mwili, hivyo ujasiri wa kuchelewa breki unaouona mle ndani usiupe uzito.

Leseni kuu ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari (pointi 40 ndani ya misimu mitatu) na uzito usikuchukulie muda. Tangu 2019 dereva pamoja na kiti wana uzito wa chini uliowekwa, kilo 80 kisha 82 mwaka 2025, na aliye mwepesi huongezewa uzito hadi aufikie.

Ajali zipe ukurasa wake. Mishahara ya madereva iko nje ya ukomo wa bajeti, lakini mabawa na sakafu zinazovunjwa zimo ndani. Kila anachokivunja mwenza kinatoka kwenye fungu la kuboresha gari la nyota.

Je, nyota wawili? Inawezekana gari lako likiwa limewaacha wengine mbali: McLaren ya Senna na Prost ilishinda mbio 15 kati ya 16 mwaka 1988. Timu nyingine ikiwa karibu, ni hatari. Mwaka 2007 Alonso na Hamilton wa McLaren walimaliza na pointi 109 kila mmoja, Räikkönen wa Ferrari akatwaa ubingwa kwa 110. Mwaka 2025 McLaren hiyohiyo iliponea chupuchupu: Norris 423, Verstappen 421, Piastri 410. Lakini kumchukua mnyonge kwa makusudi nako kuna bei yake. Michael Schumacher alipovunjika mguu Silverstone mwaka 1999 na kukosa mbio sita, Eddie Irvine ndiye aliyebeba Ferrari, akaukosa ubingwa kwa pointi mbili tu na timu ikatwaa wake. Uliza: nyota akikosekana mbio sita, huyu anaweza kuongoza?

Maagizo ya timu yameruhusiwa tena tangu 2011, kwa hiyo yaandike kabla ya msimu: nani anafungiwa vifaa vipya kwanza, nani anaingia piti kwanza, na nafasi inarudishwaje timu ikimpendelea mmoja kimakosa. Hungaria mwaka 2024 McLaren walimwita Norris piti kabla ya Piastri aliyekuwa akiongoza, kisha wakambembeleza redioni kwa mizunguko mingi arudishe nafasi. Akairudisha, lakini mazungumzo ya aina hiyo hufanywa mezani mwezi Februari.

Na usitangaze jina kabla mkataba haujasainiwa na kusajiliwa. Agosti 2022 Alpine walimtangaza Piastri, naye akakanusha hadharani saa chache baadaye. Bodi inayotambua mikataba ikaamua mwanzoni mwa Septemba kwamba mkataba halali ni wa McLaren peke yake, na Alpine, ambao Fernando Alonso alikuwa ameshawaaga, wakaanza upya kutafuta dereva.