Jibu: Mtoto wa miaka 4 ana kigugumizi, nimkate udata (kile kiuzi kinachoshika ulimi kwa chini)?

Dada, usikate. Hiyo hela bora ukanunulie samaki soko la Feri.

Wangu nilimkatisha. Daktari wa zahanati (siitaji, nisije nikashitakiwa) alifunua ulimi wa mtoto, akasema, "Kauzi tu haka, tukikata ataongea kama mtangazaji." Nikalipa huku nashukuru, fikiria! Mtoto alilia, akatema damu, uji ukamshinda. Kidonda kikapona, kigugumizi kikabaki vilevile, na juu yake hofu: akiona koti jeupe, hata jina lake halitoki. Kilichonenepa ni mfuko wa daktari.

Udata unaweza kumsumbua mtoto kunyonya. Kigugumizi hakitoki kwenye ulimi, kinahusu jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Mashemeji zangu wawili wanacho, na yule daktari hakuuliza! Mwaka 1841 kule Berlin, daktari mpasuaji Dieffenbach alikata ndimi za watu ili kuondoa kigugumizi, haikusaidia, ikaachwa. Nadhani barua haijamfikia daktari wangu.

Baada ya hapo nikazunguka mji. Daktari wa masikio: "Anasikia vizuri." Mwanasaikolojia: "Ni woga." Mwalimu anamwambia mbele ya darasa, "Vuta pumzi, anza upya." Hakuna aliyejua mwenzake kasema nini, mimi ndiye tarishi, na napeleka nusu nusu.

Shika hili tu: mtaalamu wa tiba ya usemi awe wa kwanza, na anachoandika kimfikie kila anayemgusa mtoto, mwalimu akiwemo. Tulipompata wa kwetu, alimpigia mwanasaikolojia mwenyewe, wakagawana kazi: huyu usemi, yule hofu ya makoti. Mwalimu akaelekezwa asimmalizie maneno wala kumharakisha. Bado anakwama, ila siku hizi ananyoosha mkono darasani.

Watoto wengi wanaoanza kigugumizi kati ya miaka 2 na 5 huacha wenyewe, lakini kusubiri au kuanza tiba aamue mtaalamu, siyo jirani wala mimi. Miaka 4 hujachelewa, kuna programu ya Lidcombe kutoka Australia iliyotengenezwa kwa wadogo wa umri huo, na mzazi ndiye anayeifanya nyumbani kila siku.

Ulizia hospitali ya Muhimbili, Dar. Wakikutajia mkasi kabla hawajamsikiliza mtoto akiongea, mbebe muondoke.