Kabla ya Kuzihukumu Barua za Babu Kutoka Vitani

Wengi wanaofungua barua za mzee aliyepigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, huvunjika moyo, kwa sababu wanatarajia kusoma habari za vita na mapenzi, kumbe wanakuta salamu za ukoo mzima, habari za ng'ombe na kodi, na ile kauli ya siku zote, "mimi ni mzima, hofu ni juu yenu." Nimezisoma za babu yangu, alizomwandikia bibi na baba yangu aliyekuwa bado mdogo, na ushauri wangu ni kwamba usimwone askari kuwa na moyo mkavu kabla hujajua barua yake ilipita mikononi mwa nani.

Askari wengi hawakujua kuandika, hivyo walimsimulia mwenzao aliyesoma. Kwa hiyo lugha ikibadilika ghafla, tazama kwanza kama mwandiko nao umebadilika. Kisha ofisa mkaguzi alifuta majina ya mahali na ya vikosi. Hatimaye mke asiyejua kusoma alisomewa na mtu mwingine, pengine wakwe wakisikiliza. Ni mume gani angemwaga siri za moyo mbele ya baraza kama hilo? Ndiyo maana mimi huyatafuta mapenzi katika maagizo: anayeuliza barua baada ya barua kama kikohozi cha mtoto kimepona, huyo amesema alilotaka kusema.

Kwa kuwa mahali hapatajwi, tarehe ndiyo ufunguo. Zipange barua kwa mfuatano, kisha uzisome sambamba na historia: Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942, Burma (leo Myanmar) 1944. Katika nusu ya pili ya 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba. Maneno "huku mvua ni nyingi" katika barua ya miezi hiyo yana uzito wake. Wala ukimya wa Februari 1944 si jambo dogo, kwani mwezi huo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na mamia ya askari wetu, ilizamishwa na nyambizi ya Japani.

Usizibandike gundi wala utepe, usizifunike kwa plastiki ya moto. Zipige picha pande zote pamoja na bahasha zake, uzihifadhi pakavu, mbali na jua. Lakini la haraka zaidi ni kumsomea mzee aliyekuwa mtoto wakati ule, angali hai. Jina moja lililorudiwa katika salamu zote, ambalo halimo katika ukoo wetu, baba alinieleza kuwa ni la jirani aliyekuwa akimsomea bibi barua hizo. Maelezo ya namna hiyo yaandike siku hiyo hiyo, kwenye daftari, si juu ya barua yenyewe.